Nyani hakufa amekaa chini: niliyojifunza kwenye chumba cha kuoshea maiti

Kazi yangu ya kula ni viatu vya mitumba pale Gikomba, Nairobi, lakini Majengo wengi wananijua kwa ile kazi nyingine ambayo haina mshahara. Naosha maiti. Wanaume tu, wanawake wana waoshaji wao. Nilianza 2009 na sikuanza kwa uchamungu wowote, wacha niseme ukweli, nilikuwa nimesimama mlangoni nangoja jeneza litoke nibebe hatua mbili tatu nirudi kwa biashara, sasa yule mzee aliyekuwa akiosha mtaani mgongo ulikuwa umekataa kuinama na wa kumshikia maji hakuna, akachungulia nje, akaniona, akanipa kopo. Shika hapa kijana. Nikashika. Wiki iliyofuata akatuma mtoto niitwe, na nyingine, na nyingine, mpaka mzee mwenyewe akafa na mwenye kopo nikawa mimi. Alikuwa akipenda kuniambia huku anacheka na yale meno yake matatu, "mwosha huoshwa, jifunze vizuri usije ukaniumiza mbavu."

Watu hudhani ukikaa na maiti sana kuna siri fulani unaijua. Hakuna. Ni maji ya vuguvugu, unga wa mkunazi ambao tunanunua Eastleigh, unaminya tumbo pole pole, unaanza viungo vya udhu, upande wa kulia kwanza, mara tatu, ikibidi tano, ile ya mwisho unatia karafuu maiti, unakausha, sanda vipande vitatu, kwisha. Kilichonifundisha mimi si maiti, ni watu wa mlangoni. Maana ukitoka pale kusema tayari, njooni mumuage, unakuta maneno ni yale yale miaka nenda miaka rudi. Siku yake ilifika. Kazi ya Mungu haina makosa. Ajali haina kinga. Na kama kuna mzee wa makamo hapo lazima atavuta pumzi aseme siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na wote wataitikia kwa kichwa.

Na mimi naitikia, usidhani najitoa. Ni maneno matamu yale saa ile. Mama amepoteza mtoto wa miaka ishirini na mbili utamwambia nini, utamwambia ungemkataza? Utamwambia siku yake ilifika na utamshika mkono.

Lakini kuna kijana mmoja wa boda boda nilimuosha, sitasema mwaka wala mtaa, mwili mzima hauna mchubuko. Mzima kabisa, mikono, miguu, mbavu, ungedhani amelala. Kichwa tu. Na ile pikipiki ilikuwa imeletwa ikaegeshwa nje pale karibu na choo cha msikiti, na helmeti imening'inia kwenye mkono wa pikipiki haina hata doa. Imening'inia hapo tu inacheza na upepo. Kakake akasimama kando yake, karibu aiguse na bega, akaniambia, "ajali haina kinga, ama vipi?" Nikasema ndiyo. Mwosha ana sheria moja kubwa kuliko hata ile ya maji, unaloliona ndani hulitoi nje. Nikameza mate nikaenda kunawa.

Hiyo neno ajali ikanikaa kichwani lakini. Nikamuuliza ustadhi mmoja hapo hapo Majengo, mtu wa lugha sana, akaniambia unajua hiyo si neno la gari kugongana. Ni ajal ya Kiarabu, muda uliowekwa, yaani ule mwisho wako ulioandikiwa, na kwa Kiswahili cha wazee wa pwani pia ilikuwa na maana hiyo, mtu akifa kitandani na miaka yake tisini ajali yake imefika. Sisi ndo tumeichukua tukaipachika kwa mathree, yaani matatu, ikibingirika. Sasa fikiria vile tunaongea kila siku. Redio inasema ajali ya barabarani imeua watu kumi, na bila kujua tumeshasema kwamba ilikuwa imeandikwa, kabla hata askari hajafika kupima breki, hukumu imeshatoka ndani ya neno lenyewe. Mtu aliyetunga ajali haina kinga nadhani alikuwa anasema ule muda hauna kinga, na hapo nani atabisha. Sisi tunasema breki mbovu hazina kinga. Nchi hii barabara zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka na wote tunawazika na hilo neno moja.

Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa na hadithi yake ya mambo haya, na nadhani kila nyumba ya Kiislamu Majengo inaijua. Malaika wa mauti aliingia barazani kwa Nabii Suleimani kwa sura ya mtu, akamkazia macho mmoja wa waliokaa pale. Akamtazaaama, kisha akaondoka. Yule mtu akauliza nani huyo, akaambiwa huyo ni Israili. Akatetemeka mpaka kilemba kikaanguka (hicho kilemba ni cha nyanya, sijakiona kwingine), akamwomba Suleimani auamuru upepo umchukue umpeleke Bara Hindi, mbali kabisa. Upepo ukambeba. Baadaye Suleimani akamuuliza Israili, mbona ulimtisha mtu wangu? Israili akasema sikumtisha, nilishangaa, nimeamriwa nimchukue roho leo leo huko Bara Hindi, na namkuta amekaa hapa kwako.

Nyanya akifika hapo alikuwa ananyamaza, anatafuna tambuu yake, anatuacha na ile baridi ya mgongo.

Nikiwa mkubwa nikaja kujua hii hadithi imetembea kuliko hata huyo mtu wa upepo. Jalaluddin Rumi, yule mshairi wa Kiajemi, aliiweka kwenye Mathnawi yake karne ya 13, ni hiyo hiyo ya Suleimani na Bara Hindi. Wayahudi wanayo kwenye Talmud, kitabu chao cha dini, Suleimani yule yule lakini watu ni waandishi wake wawili, alimwona Malaika amehuzunika akawatorosha mpaka mji wa Luzi, mji ambao Malaika wa mauti alikuwa haruhusiwi kuingia, wakafia mlangoni pale pale kabla hawajaingia, na kesho yake Malaika anacheka, anamwambia Suleimani umewapeleka mahali pale pale nilipotakiwa kuwachukulia. Na hapo kuna neno nalipenda sana, kwamba miguu ya mtu ndiyo wadhamini wake, itampeleka anapohitajika. Wadhamini! Kama wale wa mkopo wa sako. Wazungu nao walikuja kuipata, Somerset Maugham Muingereza aliiweka kwenye mchezo wa kuigiza 1933, kwake ni mtumishi wa tajiri wa Baghdad ametumwa sokoni, amegongana na mwanamke kwenye msongamano, kugeuka ni Mauti, akaazima farasi wa bosi wake akakimbilia Samarra. Mwaka uliofuata Mmarekani John O'Hara akaichukua ile Samarra akaifanya jina la riwaya, na tangu hapo wakisema mtu ana miadi Samarra wamemaliza.

Nimeifikiria hii hadithi mara nyingi nikiwa na kopo mkononi. Kila mtu anaisimulia kama ya yule anayekimbia, ona mjinga, alidhani atamkimbia Mungu. Mimi siku hizi namuangalia Israili. Alishangaa! Hata yeye aliyepewa orodha, mwenye kazi yake, alikuwa hajui huyu mtu atafikaje Bara Hindi kabla jua halijatua. Sasa kama yeye alishangaa wewe uliye Muthurwa na simu yako imekatika kioo unajuaje kwamba siku yako ni ipi, unajuaje kwamba haijafika ama imefika? Kurani yenyewe inasema hakuna nafsi inayojua itafia ardhi gani. Hakuna. Lakini sisi tunaongea kana kwamba tumesoma ile orodha juu ya bega lake.

Na hapa ndo naingia kwa mjomba wangu, maana haya yote ni juu yake, nimezunguka tu.

Mjomba alikuwa dereva wa matatu namba 6, ya Eastleigh, tangu mimi mtoto. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, alikuwa na miadi Ufundi House saa nne na nusu, kuna mtu alikuwa aonane naye juu ya mkopo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne. Sasa konda wake asubuhi ile aligombana na abiria juu ya shilingi tano, si mchezo, walishikana mashati hapo karibu na Machakos Country Bus, mjomba akasimamisha gari ashuke aamue, na dakika zikaenda. Wakiwa hapo hapo wakasikia mlipuko mdogo kwa mbali. Kisha ule mkubwa. Ubalozi wa Marekani ulikuwa pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie na Ufundi House ilikuwa jirani yake kabisa, ikashuka yote chini, na ndani yake kulikuwa hadi na chuo cha makatibu, wasichana wa watu na taipureta zao. Watu 213 walikufa Nairobi siku hiyo. Na walioponea wengi walipoteza macho, kwa sababu ule mlipuko wa kwanza uliwaita madirishani, mtu anasikia kelele anainuka kwenye dawati anaenda kuangalia kuna nini, na kioo kikamkuta hapo. Mimi nina jirani wa namna hiyo. Alisimama kuangalia tu, ni hivyo tu.

Mjomba alishusha abiria wote akageuza gari akabeba majeruhi mpaka jioni, viti vyake vilikaa na harufu ya damu wiki nzima na mama alivisugua na sabuni ya mche akashindwa. Yule konda, kila Idd mpaka mjomba anakufa, alikuwa akitumiwa paja la mbuzi. Shilingi tano zile.

Ungedhani mtu aliyeokoka hivyo ataogopa, na aliogopa, miaka kama sita hakupita ile kona kwa miguu wala kwa gari, akitumwa tao anazunguka huko juu kama anakwepa deni. Lakini pembeni ya woga ikamea kitu kingine. Akawa anasema, "mimi siku yangu nimeshaiona ikipita, haikuwa ile, na ikiwa ndiyo hakuna wa kuizuia." Alikuwa akiiweka kwenye kila kitu, mpaka chumvi. Ilipofika 2004 Michuki, waziri wa uchukuzi, akaleta zile sheria zake, mikanda kila kiti, spidi gavana isizidi 80, abiria kumi na nne basi hakuna kubebana, mjomba aliumwa kama ametukanwa. Nakumbuka siku anafungiwa ile mikanda kwenye Nissan yake alivuta mmoja akauangalia akaniambia, "huu Israili ataufungua na kidole kimoja." Na tulicheka, ilikuwa inachekesha, mjomba alikuwa na mdomo. Alikuwa akiifunga akiona askari tu, na akiwapita anaifungua.

Aliacha kuendesha 2011, magoti. Na 2016 mama akamburuta kliniki, kwa sababu alikuwa analalamika kichwa kinagonga upande wa kisogo, wakampima wakakuta 190 juu ya 110. Daktari alikuwa kijana mdogo tu, akamuelezea vizuri, mzee hii presha haikuumi lakini inakula mishipa ndani kwa ndani, kidonge kimoja kila asubuhi. Mjomba akauliza kila asubuhi mpaka lini. Mpaka mwisho mzee. Mpaka nife? Ndiyo mzee. Mjomba akasema, "kama nikimeza nakufa na nisipomeza nakufa, wacha nife na pesa yangu mfukoni." Alitusimulia hiyo barazani akiwa amejaa furaha kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilimwendea na hadithi ya Sayyidna Omar, khalifa wa pili baada ya Mtume. Yule ustadhi wangu wa ajali ndiye alinipa, nikaona hii ndo dawa ya mjomba, mtu wa dini huwezi kumpinga na takwimu, mpinge na Omar. Nikangoja baada ya Magharibi, kahawa chungu imemwagwa, wazee wako, nikaanza. Omar alikuwa safarini kwenda Sham, yaani huko Syria, na watu wake, wakafika mahali panaitwa Sargh wakaambiwa mbele kuna tauni, ile ya Amwas. Akataka ushauri, wengine hivi wengine vile, mwisho akaamua turudi. Abu Ubaida, ambaye ndiye alikuwa kamanda wa Sham, akamuuliza, unakimbia kadari ya Mungu? Omar akamwambia ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Na akampigia mfano, ukiwa na ngamia umeshuka nao kwenye bonde lina pande mbili, moja kijani moja kavu, ukilisha kwenye kijani si kwa kadari ya Mungu, na ukilisha kwenye kavu si kwa kadari ya Mungu pia?

Nikanyamaza nikisubiri. Wazee wawili wakasema mashallah.

Mjomba akapuliza kahawa yake. Akauliza, "na Omar yuko wapi sasa?"

Nikasema alikufa. "Alikufaje?" Alichomwa kisu. "Wapi?" Msikitini, Madina, akisalisha Alfajiri. Akasema, "ahaa. Alikimbia tauni, akangojwa na kisu kwake nyumbani, tena ndani ya sala." Akanywa. Wazee wote wakaangua kicheko, na mimi pia, utafanya nini.

Nililala nikiwa na majibu usiku ule, kama kawaida, majibu huja ukishavua viatu. Ningemwambia kati ya Sargh na kile kisu kuna miaka kama mitano, na msafara mzima ulirudi nyumbani. Ningemwambia Abu Ubaida alibaki na tauni ikamchukua. Sikumwambia. Na hata ningemwambia angesema wote wawili wako wapi sasa. Hapo ndipo huu msemo ulipo na nguvu yake mbaya, huwezi kuushinda, maana kila mfano utakaoleta mwisho wake ni kaburi. Ni kama kucheza drafti na mtu ambaye mwisho wa mchezo anabeba ubao.

2019, siku ya Jumanne, baada ya Alfajiri, alirudi nyumbani akataka kumwambia mkewe kitu mdomo ukaenda upande. Siku tatu hospitali. Ijumaa alfajiri akaenda. Ijumaa tena, wazee wakasema, heri yake.

Nilimuosha mimi. Kuna watu hawawezi kuosha wa kwao na silaumu mtu, mimi nilitaka. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Bega la kulia lile la dereva, lenye alama ya jua la dirishani miaka thelathini, lilikuwa jeusi kuliko la kushoto, sikuwahi kuliona nikiwa nakula naye sahani moja. Nilimaliza, kijana wangu wa kushika maji akatoka kuleta sanda, na mimi nikaanza kukunja zile nguo alizotoka nazo hospitali, maana zilikuja na yeye kwenye mfuko. Koti lake la kijivu. Mfukoni kulikuwa na tasbihi, mswaki wa mti, funguo, na pakiti ya dawa ya presha. Vidonge 28. Viwili vimetolewa.

Yaani alinunua. Mtu wa "Israili ataufungua na kidole kimoja" alienda kwa kemisti, akapanga foleni, akatoa pesa yake, hakuambia mtu. Akameza kimoja. Kesho yake kingine. Sijui siku ya tatu ilikuwaje, labda kichwa kilikuwa hakigongi akaona imeisha, labda alisahau, labda aliona aibu mkewe asije akamkuta akimeza baada ya yale maneno yote ya barazani. Hili la aibu ndilo lilinichoma. Kwa sababu tulicheka. Mtu ukishachekewa mbele ya kahawa kwa ushujaa wako utamezaje kidonge hadharani?

Nikaitia ile pakiti mfukoni mwangu. Nikatoka. Bintiye amesimama pale, macho mekundu, amenishika mkono wa shati, akaniuliza kaka, ilikuwa tu siku yake ama? Nikasema siku yake ilifika. Siku ya nyani... na sikumaliza hata, alishaitikia.

Tukamzika Kariokor baada ya Ijumaa.

Pakiti nimekaa nayo juu ya kabati. Mke wangu alitaka kuitupa mara mbili. Mwaka jana kuna Jumapili niliwapeleka watoto City Park kuwaona wale kima, unajua pale ukiwa na njugu hawakuachi, na mtoto wangu wa mwisho ananiuliza hawa ndo nyani wanaoteleza? Nikamwambia hapana, hawa ni kima, nyani utawaona kando ya barabara ya Nakuru, lakini nikabaki nawaangalia. Mmoja alikuwa amenyakua ndizi ya mtu anakimbizana na mwenzake huko juu, akarukia tawi likakatika. Hakuanguka. Alishika lingine likainama, akaliacha, akashika lingine, akaliacha, yote hayo kabla sijasema subhanallah, mpaka akapata moja nene akakaa akamenya ndizi yake kama hakuna lililotokea. Na nikaanza kuusikia ule msemo upya, nimeusema miaka yote hii mlangoni sikuwahi kuusikia. Miti YOTE huteleza. Atajuaje nyani kwamba yote inateleza kama hakuijaribu yote? Hawakusema siku ya kufa nyani mti huteleza. Yule nyani wa wahenga alitoka mti wa kwanza akaenda wa pili akaenda wa tatu, mikono inauma, akaumaliza msitu, ndo akafa. Na hawakumchagua kuku wala ng'ombe, walimchagua fundi wa kupanda. Hakuna mahali wamesema alikuwa amekaa chini ya mti amekunja mikono anasema ikifika imefika.

Sisi tumemchukua huyo nyani mchapa kazi tukamfanya shahidi wetu wa uvivu. Kijana na helmeti yake imening'inia. Kibanda Gikomba chenye waya za stima uchi juu ya mabunda ya nguo, na moto wa 2018 ulichukua watu 15 pale pale, na mimi nakaa hatua chache tu kutoka hapo na nilichofanya tangu siku hiyo ni kununua kufuli kubwa zaidi. Ni mti gani huo nimeujaribu?

Mjomba alijaribu miwili. Siku zingine hiyo hunifanya nilie na siku zingine hunipa raha ya ajabu, kwamba moyoni hakuwa anaamini yale maneno yake.

Sasa Idd iliyopita bintiye alikuja nyumbani na wanawe. Amekuwa mtu mzima, anafanya kazi kwenye ofisi fulani huko Upper Hill, anaongea taratibu. Baada ya chakula watoto wametoka nje, akaniuliza bila kuniangalia, akikusanya punje za wali kwenye mkeka. Kaka, wewe ndiye ulimuosha. Baba alikuwa anameza zile dawa?

Sheria ya mwosha naijua. Unaloliona ndani hulitoi nje. Lakini sheria hiyo ni ya kumsitiri maiti na sijui kama mimi nilikuwa namsitiri mjomba ama najisitiri mwenyewe na kicheko changu cha barazani. Nikaamka nikaenda kwenye kabati nikamletea. Akaishika. Akazihesabu na kidole, zote, 26, taratibu kama mtu anayesoma tasbihi. Akageuza nyuma akasoma tarehe, zilikuwa zimeshapita muda kitambo.

"Alimeza viwili," nikasema.

"Naona."

Akakaa kimya muda mrefu, nje watoto wanapigania baluni. Hakulia. Kisha akainua macho akanitazama, akanitazama hasa, shingo, uso, na hili tumbo langu la mitumba na chipsi za usiku.

"Na wewe presha umepima lini?"

Nikajisikia nimeshaanza, mdomo umekwenda wenyewe, "unajua, siku ya nyani..."

"Kaka. Nimekuuliza umepima lini."

Nikatazama mkeka.